Miezi ya Baridi: Chungu, Kitabu na Brashi

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wageni wafadhili, Mikumi

 

Wageni wetu kutoka Ulaya hutuuliza mara kwa mara kama huku nako kuna majira ya baridi. Kwanza tuwaambie kwamba Ulaya tunayo hapa hapa. Ni kata ya Wilaya yetu ya Kilosa, na mtu wa Mikumi huenda Ulaya asubuhi akarudi jioni bila pasipoti. Pili, baridi pia tunayo. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, baridi yetu huja Juni hadi Agosti, wakati wenzetu wako kwenye jua kali. Theluji hatuna, lakini kipupwe kikianza giza huingia mapema, watu hutafuta blanketi, na asubuhi watoto huota moto kabla ya kwenda shule.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni moja. Hii ndiyo miezi ambayo kaya nyingi za vijijini huwa na vitu vitatu kwa pamoja: chakula ndani, nafasi ya kupumua, na jioni inayowakusanya watu mahali pamoja. Masika kuna palizi. Januari na Februari ghala ni tupu. Sisi wapanga miradi huiandikia bajeti miezi ya shida, na miezi ya neema tunaiacha ijiendee. Ikijiendea, sote tunajua inakokwenda: mahindi yanauzwa kwa bei ya chini mara tu yanapovunwa, fedha inaishia kwenye sherehe na vilabuni, na baada ya miezi sita mama yule yule anakuja ofisi ya usharika kuomba unga.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa ajili ya kipupwe.

1. Chungu

Kupika ni furaha ya miezi hii. Kuna mahindi mapya, maharage, maboga, viazi vitamu na mbaazi. Usiku wa baridi hauna rafiki kama bakuli la kande. Lakini kande hula kuni nyingi, na misitu ya Kilosa imeshalipia sana majiko ya watu, yetu na ya Dar es Salaam. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hii viliingia katika mradi wa mkaa endelevu, ambapo kijiji hutenga eneo la kuvuna miti kwa zamu na kuiacha ichipue. Nasi jikoni tuna sehemu yetu. Mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha, chungu kikafunikwa vizuri na jiko likawa banifu, chakula kitaiva kwa kuni chache, na mama hatalia kwa moshi.

Tunaomba kila usharika ufanye siku ya mapishi, akina mama na akina baba pamoja. Ndipo tufundishane kukausha majani ya kunde na kisamvu kivulini ili mboga ifike Desemba. Ndipo tukumbushane pia kuanika mahindi juu ya turubai, siyo juu ya udongo, na kutenga punje zenye ukungu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walizika ndugu zao kwa sababu ya sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengi wao hawakukosa ugali. Walikosa kilichopaswa kuwa pembeni ya ugali.

2. Kitabu

Nchi hii iliwahi kuonyesha kwamba watu wazima wanaweza kusoma wakiamua. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakulima walikaa darasani chini ya miembe baada ya kazi. Kufikia mwaka 1986, wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Lakini kusoma ni kama njia ya shambani: isipopitwa huota nyasi. Nyumba nyingi hazina kitabu zaidi ya Biblia, kitabu cha nyimbo na madaftari ya watoto.

Hatuombi jengo la maktaba. Tunaomba sanduku moja la vitabu kwa kila usharika, taa moja ya jua, na msomaji mmoja mwenye sauti nzuri. Asome, wengine wasikilize huku wakimenya mbaazi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na hadithi zake kama Adili na Nduguze zinafaa sana kusomwa kwa sauti jioni. Mtoto wa darasa la saba ambaye Septemba anafanya mtihani atanufaika kwa kumsikia baba yake akisoma sentensi ndefu hadi mwisho. Naye bibi asiyejua herufi hatakosa kitu, kwa maana hadithi ni mali yake tangu zamani.

3. Brashi

Hapa ndipo kamati hutuuliza: wenye njaa wanakula rangi? Ni swali la haki. Tunajibu kwamba kuchora hakukuja na mradi. Kipupwe ni wakati wa kukandika nyumba upya, kwa kuwa mvua imekwisha. Ni akina mama wanaojua udongo mwekundu unachimbwa wapi na mweupe wapi, na wengi wao humaliza ukuta kwa mapambo ambayo hakuna aliyewalipa kuyachora. Kwa nini wanayaweka? Kwa sababu mtu hataki kuishi ndani ya ukuta tu. Anataka nyumba.

Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za kung'aa juu ya vipande vya ubao. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake sasa ni jina la aina nzima ya uchoraji. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, alichora katika miaka ya 1950 maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, Kenya, katika mandhari ya Kiafrika. Vijana wa Mikumi wanaona tembo na twiga kando ya barabara kuu bila kulipa kiingilio. Wapeni makopo machache ya rangi na ukuta wa nyuma wa ukumbi. Baadhi watapata kazi ya kuandika vibao vya maduka. Wengine watapata kitu cha kufanya jioni ambacho si pombe.

Ndugu wajumbe, fedha zinapopungua, vitabu na rangi ndivyo hukatwa kwanza. Tunaelewa sababu, maana dawa na mbegu haziwezi kungoja. Lakini maendeleo tunayoyatafuta ni ya nini, kama siyo ili mtu akishavuna akae na watu wake, ale vizuri, asikie hadithi, na atazame kitu kizuri alichokitengeneza kwa mkono wake? Tukimsaidia tu anapolia, tutakuwa tunamfahamu nusu.

Tunaomba basi kila kamati irudi na mpango mfupi kabla ya Mei: siku ya mapishi, sanduku la vitabu, na ukuta mmoja. Wafadhili wetu tunawaomba wachangie vitabu vya Kiswahili vinavyonunuliwa hapa nchini, ili na waandishi wetu wapate riziki. Mengine, yaani chungu, udongo na sauti, tunayo.