Uhusiano Una Ncha Mbili: Tusafishe Daftari la Wachangiaji



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana ambao jumuiya imewakabidhi kompyuta yake: maneno ya leo ni yenu hasa.

Mwezi huu mikono hufunguka. Huyu atuma sadaka kwa M-Pesa, yule aleta tende za futari, mwengine aahidi kulipa karo ya yatima mpaka mwakani. Kila jina laingia katika daftari la kompyuta. Na ubavuni mwa jina mwaandika pia: huyu ni mume wa nani, mtoto wa nani, mlezi wa nani. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Jina likikosewa, mwenyewe atalalamika. Lakini uhusiano ukikosewa hukaa kimya miaka na miaka, mpaka siku ya msiba.

Hebu fikiria. Mzee mchangiaji amefariki. Katibu afungua daftari aandike barua ya rambirambi. Kwenye ukurasa wa mzee, mke wake ni Bi. Fulani. Kwenye ukurasa wa Bi. Fulani, yule mzee ameandikwa "kaka". Sasa barua yaandikwaje? Na Ramadhan ijayo kompyuta yamtumia marehemu ujumbe wa kumwomba mchango kama kawaida, na simu anayo mjane. Familia iliyotoa miaka kumi ikifunga mkono, utailaumu?

Kazi hii si ya Wazungu wala si ya jana. Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA), aliyekuwa khalifa tangu 634 hadi 644, alipoanzisha diwani, yaani daftari la kugawia watu haki zao kutoka hazina, hakumpa kazi hiyo yeyote aliyejua kuandika tu. Aliwaita mabingwa wa nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Walipopanga majina wakautanguliza ukoo wake Umar kwa sababu ya cheo chake, alikataa. Aliamuru waanze na jamaa wa karibu wa Mtume (SAW), naye awekwe pale nasaba yake inapomweka. Umeona? Daftari lilirekebishwa kwa ukweli, si kwa kumpendeza mkubwa.

Sasa turudi kwenye kompyuta yetu. Uhusiano una ncha mbili. Ukiwa wewe ni baba yangu, mimi lazima niwe mwanao. Programu nyengine, kama CiviCRM ambayo ni ya bure, huandika uhusiano mara moja na kuupa majina mawili: upande huu "mtoto wa", upande ule "mzazi wa". Nyengine huandika mistari miwili mbalimbali, na ukirekebisha mmoja, wa pili waweza kubaki vile vile. Karatasi ya Excel ndiyo mbaya zaidi, kwani hapo hakuna kitu kinachoziunganisha ncha hizo ila kumbukumbu ya katibu.

Makosa yaingilia wapi? Kwanza, majina. Mohamed, Muhammad na Mohammed. Fatma na Fatuma. Mtu mmoja awa watatu, kila mmoja na jamaa zake. Pili, simu. Kijana hutuma kwa laini ya mamake, na mchango wasomeka wa mama. Tatu, lugha. Programu nyingi zimeundwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba. Kwetu hao si kitu kimoja, na katika mirathi tofauti ni kubwa: ami huweza kurithi kama asaba, mjomba yumo katika dhawil-arham. Ukimtafuta msimamizi wa wasia wa mchangiaji, neno hilo moja litakupeleka nyumba isiyo yake. Nne, kuna programu zinazokubali mke mmoja tu. Wa pili hutupwa kwenye "rafiki" au "jamaa". Ni mke wa halali, na daftari lamvunjia heshima.

Basi kijana, fanya hivi.

Toa nakala ya daftari zima kabla hujagusa herufi moja, na uiweke mahali pengine.

Kaeni na wazee mkubaliane maneno: mume, mke, baba, mama, mtoto, ndugu, ami, shangazi, mjomba, khaloo, mlezi. Kila neno na mwenzake wa upande wa pili. Neno "jamaa" lisiwe jaa la kutupia kila usichokijua.

Kisha iulize kompyuta maswali mepesi. Nani ana baba ambaye kwa upande wake hana mtoto huyo? Nani ni mzazi wa mtu aliyemzidi umri? Nani ameandikwa jamaa wa nafsi yake? Nani amefariki na bado anatumiwa ujumbe? Utapata orodha. Usishtuke ikiwa ndefu.

Anza na yaliyo wazi, na kila unaporekebisha andika tarehe na jina lako. Yenye shaka, usikisie. Utamsikia mtu akisema, "Si wana jina moja la mwisho? Basi ni mume na mke." La, bwana! Kwetu mwanamke akiolewa mara nyingi hubaki na jina la babake. Wenye jina moja la mwisho huenda wakawa ndugu, au wasijuane kabisa. Muulize mwenyewe.

Ndoa ikivunjika, usifute. Weka tarehe ya mwisho. Ukifuta, risiti za zamani hazitafahamika. Na rekodi mbili za mtu mmoja usiziunganishe mpaka uhakikishe zaidi ya jina, kwa mfano simu na mtaa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mambo haya ni siri za majumba. Usimpigie simu mke kumuuliza habari za mke mwenzake. Usichapishe orodha ukaiacha juu ya meza ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imeziweka hali ya ndoa na habari za familia, pamoja na majina ya wazazi, watoto na mke au wake, katika fungu la taarifa nyeti. Na imempa kila mtu haki ya kudai kosa juu yake lisahihishwe. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, tulijua kuwa amana ni amana.

Msiianze kazi hii katika kumi la mwisho. Wakati huo michango na zakatul-fitr zamiminika, na mkono wenye haraka huharibu. Pokeeni, andikeni, tieni alama penye shaka. Shawwal ikiingia, wawili wakae kila Jumamosi baada ya Alasiri, mmoja asome na mwengine aandike, mpaka orodha iishe.

Na wewe mzazi unayesoma, usimuonee kijana akikuuliza, "Huyu ni nani kwako?" Hafanyi udaku. Anataka siku ukitajwa, utajwe pamoja na walio wako.

Allah atutakabalie funga zetu na sadaka zetu. Ramadhan Kareem.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.