Nyimbo Tulizozisikia Tukiwepo

Maneno ya mwanakwaya wa siku nyingi, sauti ya pili, katika sherehe ya yubilei ya kwaya, Laini Saba

 



Kamati iliniomba nizungumze kwa dakika chache juu ya mahali nyimbo zetu zilipotoka. Nikamwuliza mwenyekiti, "Unataka za kanisani peke yake au zote?" Akasema, "Zote, Mama, lakini uwe mwangalifu." Basi nitakuwa mwangalifu, ila nitasema yote.

Sisi tuliokuwa vijana hapa Nairobi miaka ya sabini ikielekea themanini tulikuwa na walimu wawili wa muziki. Wa kwanza alikuwa kanisani. Aliandika toniki solfa ubaoni, do, re, mi, fa, akagonga meza kwa kijiti, na mtu mmoja akichelewa kuingia, wimbo mzima ulirudiwa. Mwalimu wa pili alikuwa mjini, juu ya jukwaa, na alishika gitaa. Wa kwanza tumemshukuru mara nyingi, na leo pia ametajwa. Naomba nimshukuru na wa pili, kwa sababu sijawahi kusikia akishukuriwa mahali kama hapa.

Wakati huo Nairobi ilikuwa mji wa bendi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walikuwa hapa na Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wao walitoka wakaunda Les Wanyika, na haukupita muda mrefu wimbo wao wa Sina Makosa ukawa unasikika kwenye kila redio. Kutoka Kongo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire, walikuwa wamekuja Super Mazembe mwaka wa 1974, na jina hilo la Mazembe ni la yale matingatinga makubwa ya kusukuma udongo. Mwaka wa 1976 wanamuziki wa Baba Gaston walijitenga wakawa Les Mangelepa. Mwaka wa 1981 Samba Mapangala akaunda Orchestra Virunga, akaipa jina la milima ya volkano iliyo mashariki mwa Kongo. Watu hawa hatukuwasoma kwenye vitabu. Walikuwa wanapiga usiku huu na kesho yake, na nauli ya basi ilitosha kukufikisha.

Lakini kwanza tuliwajua kwa redio ya VOK na kwa santuri. Watoto, santuri ni ile sahani nyeusi iliyowekwa chini ya sindano. Zile ndogo hazikuweza kubeba wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mwanzo ulikuwa wa polepole, mtu analalamika au anabembeleza. Halafu, pale pale magitaa yanapoanza kuchangamka na miguu imeanza kuwasha, santuri inaisha! Lazima mtu ainuke, aigeuze, aweke sindano tena. Ukija kuanza upya, moto umeshapoa.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka kuusikia wimbo ambao haukukatwa. Alimwahidi mama yetu kwamba tutarudi kabla ya giza, tukaenda Garden Square, karibu na jumba la KICC, ambako Les Wanyika walikuwa wakipiga. Ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya ibada. Naona wengine mnacheka. Ndiyo, baada ya ibada. Sikusimama hapa kutubu, nimesimama kushuhudia.

Nilikwenda nikidhani kwamba mpiga gitaa la solo ndiye bwana mkubwa na wengine ni wasaidizi wake. Nikasimama karibu na jukwaa, nikaangalia vidole. John Ngereza alikuwa kwenye solo, na gitaa lake lilisema maneno machache tu, kisha likanyamaza, kama mtu aliyeuliza swali na anangoja ajibiwe. Kando yake Omar Shabani, waliyemwita Profesa, alishika ridhimu yake ile ile, kama mama anayetwanga, mchi unapanda, mchi unashuka, bila kuongeza haraka na bila kuchoka. Besi ikapita chini yao, ikiacha mapengo. Saksafoni ikangoja, ikangoja, ikaingia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Na wimbo ulipofika pale ambapo nyumbani tungegeuza santuri, haukukatika. Uliendelea, ukapanda, na ukumbi wote ukapanda nao.

Siku ile ndipo nilipoelewa mwalimu wetu wa kanisani alikuwa anatugombeza kwa nini kila Jumamosi. "Sauti ya pili, msishindane na sauti ya kwanza! Sikilizeni kwanza!" Tulimsikia kwa masikio miezi mingi. Pale Garden Square nililiona neno lake kwa macho.

Niliona kitu kingine pia. Pale uwanjani palikuwa na karani aliyevaa suti, fundi wa mabati, mwuguzi aliyetoka zamu, mwanafunzi, mama wa sokoni. Jukwaani walikuwa watu wa Tanzania wakiimba Kiswahili chao kitamu, na chini walikuwa Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya, Wanubi wa hapa kwetu Kibera. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ametoka wapi. Ukiwa ndani ya wimbo mmoja na mtu, swali hilo halikujii.

Siku nyingine nisiyoisahau ilikuwa katika ukumbi ambao sitautaja. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa Kasongo, ule wa mke anayemsihi mume wake arudi nyumbani. Nasikia vijana wa leo wameufufua kwenye simu zenu, kwa hiyo msijifanye hamuujui. Basi, stima ikapotea. Giza. Magitaa yote yakafa mara moja, vipaza sauti vikafa. Nikamshika kaka yangu mkono, nikangoja watu waanze kusukumana mlangoni.

Hawakusukumana. Mpiga drams hakuacha, kwa sababu ngoma haihitaji stima. Kisha waimbaji wakaja mbele kabisa, ukingoni mwa jukwaa, wakaimba kwa koo zao. Nasi tukaitikia. Maneno mengine ya wimbo ule ni ya Kilingala na wengi wetu hatukuyaelewa, lakini tuliyaimba yote. Gizani, mtu hamwoni jirani yake, ila anamsikia anapovuta pumzi. Taa ziliporudi, wanamuziki hawakurudi kwenye magitaa mara moja. Walitungoja tumalize. Nimekaa kwenye kwaya miaka mingi, na bado nadhani hilo ndilo somo kubwa la uimbaji nililowahi kupewa.

Mji ule wa bendi haukudumu. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa, na kumbi zikanyamaza. Zilipofunguliwa tena, wenye kumbi walianza kupiga hesabu. Bendi ni watu kumi, na kila mmoja anataka kula, anataka nauli, anataka vyombo vya kupigia. Disko ni kijana mmoja na mashine. Kumbi zikachukua mashine, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyetangaza kwamba bendi zife. Ilikuwa tu kwamba kila mwenye ukumbi aliona njia nyepesi, akaifuata.

Nawaeleza haya kwa sababu hesabu ile ile imefika kwenye mlango wetu.

Siku hizi tuna nyimbo zetu zilizorekodiwa, na nashukuru kwa ajili ya waliorekodi. Wimbo wetu unaweza kumfikia mtu aliye Mombasa au ng'ambo. Lakini mmeona linalotokea. Tunaalikwa harusini, watu saba wanafika, flashi inachomekwa, spika inaimba nasi tunafungua midomo. Mazoezi ya Jumamosi yanapungua watu. Kwa nini uje, wakati sauti yako iko tayari ndani ya flashi? Nimesikia hata pendekezo kwamba kwaya ipunguzwe, wabaki wachache wenye sare nzuri, na kazi nyingine ifanywe na mashine. Aliyependekeza ana nia njema. Anafikiria gharama. Wenye kumbi nao walifikiria gharama.

Naomba mnikumbukie jambo moja. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, mnajua mtaa huu ulikuwaje. Reli yetu hapa iling'olewa. Nchini walikufa watu zaidi ya 1,100. Wapo waliokuwa wamekaa benchi moja kanisani ambao hawangeweza kupita njia ya mwenzao. Mazoezi yalisimama kwa wiki kadhaa. Jumamosi ya kwanza tuliporudi tulikuwa wachache, na sitasema ni kabila gani lilisimama wapi, lakini mnaelewa kwamba kulikuwa na pengo katikati ya chumba. Hakuna aliyekuwa na hotuba. Mwalimu akatoa sauti: do. Sauti ya kwanza wakaishika. Tena wakaishika. Sisi sauti ya pili tulikuwa upande mmoja na wawili wetu walikuwa upande wa pili wa lile pengo, na kwa kuwa hatukuweza kusikilizana vizuri, walivuka. Walivuka kwa sababu ya muziki. Nataka kila mmoja alifikirie hilo. Hawakuvuka kwa sababu walikuwa wamesameheana. Kusameheana kulikuja baadaye, na kwa wengine kulichukua miaka. Walivuka kwa sababu sauti ya pili haiwezi kuimbwa ukiwa mbali na wenzako.

Flashi isingefanya kazi ile. Flashi ingeimba vizuri sana, nasi tungebaki kila mtu upande wake, tukisikiliza.

Na kuna matanga. Mama aliyefiwa, nyumba ya mabati, usiku, stima imekatika au haijawahi kuwekwa. Anataka kusikia watu wanaopumua. Mkimpelekea spika, atawashukuru kwa adabu. Mkienda wenyewe na sauti zenu nne, hata kama zimepasuka kwa baridi, atalia, na kulia ndiko anakohitaji.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa kamati, na nayasema mbele ya kanisa lote ili yasipotee kwenye faili.

La kwanza: rekodini, lakini tunapokuwa hapa mbele ya watu, tuimbe kwa midomo yetu. Tukikosea, watu watajua tulikuwepo.

La pili ni juu ya wale vijana wetu watatu wa magitaa. Yamesemwa mengi, kwamba vidole vyao vimejifunza kwenye bendi za mjini na kwamba wanapiga besi ya dansi. Wazee wenzangu, Joseph Kamaru aliwachezesha watu kwa miaka mingi, na mwaka wa 1993 akatangaza kwamba ameokoka, akageukia nyimbo za injili. Alikuja na vidole vile vile. Gitaa halina dhehebu. Wale vijana wakiondoka hapa hawatakosa mahali pa kupiga, mji huu utawapokea leo jioni. Sisi ndio tutakaobaki na flashi. Wapeni nafasi, na muwafundishe kile nilichokiona kwa Profesa: kushika sehemu yako, kumwachia mwenzako pengo, na kutochoka.

Nanyi vijana, msikae mkidhani wazee wenu walizaliwa wakiwa na joho la kwaya. Tulikuwa na miguu. Tulitembea kutoka mjini, kupitia Community, Hospitali ya Kenyatta na Mbagathi hadi Laini Saba, viatu mkononi, tukiimba sehemu zote za bendi, mmoja besi, mmoja saksafoni. Tulipofika hapa, tulikuwa tumeshakuwa kwaya bila kujua.

Mazoezi ni Jumamosi saa tisa. Nitakuwepo, safu ya pili, mahali pangu pa siku zote. Na pembeni yangu kuna nafasi mbili.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awabariki wote waliotutangulia.