Watu Kwanza, Ndipo Majengo
Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka



Sisi wa Kamati ya Fedha mmetuzoea kwa kusoma mapato na matumizi. Leo tumeomba dakika chache tuzungumze habari za watu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Marekani, Colleen Barrett, aliyezaliwa mwaka 1944 katika familia ya kipato kidogo. Alisomea kazi ya ukatibu, na mwaka 1967 akaajiriwa na mwanasheria Herb Kelleher huko San Antonio, Texas. Mwanasheria huyo ni mmoja wa waanzilishi wa shirika la ndege la Southwest, lililoanza kusafirisha abiria mwaka 1971. Katibu huyo alipanda ngazi moja baada ya nyingine, hata mwaka 2001 akawa rais wa shirika hilo, wadhifa alioushika hadi 2008.

Aliongoza kwa mpangilio huu: wa kwanza mfanyakazi, wa pili abiria, wa tatu mwenye hisa. Mfanyakazi akitunzwa, atamtunza abiria. Abiria akiridhika, atarudi. Akirudi, mwenye hisa atapata gawio. Mfanyakazi aliyepata mtoto au kufiwa alipelekewa kadi. Katika kuajiri walitazama tabia kwanza, kwa kuwa ujuzi unafundishika. Na faida iligawiwa kwa wafanyakazi.

Mtihani ulikuja Septemba 2001, baada ya mashambulizi yaliyosimamisha safari za anga Marekani. Mashirika makubwa yalipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Southwest haikupunguza hata mmoja, na mwaka ule ilifunga hesabu kwa faida.

Ndugu zetu, sisi wahasibu tuna kanuni moja inayoweza kupotosha macho. Jengo huandikwa kwenye vitabu kama mali. Mtu anayefanya kazi ndani yake huonekana upande wa matumizi tu. Ukisoma hesabu bila kufikiri, utadhani jengo ndilo utajiri na mtu ndiye hasara.

Tazameni zahanati yetu. Kuta zimepakwa rangi, mabati hayavuji, vitanda vipo. Lakini katika miaka mitatu wauguzi wawili wameomba uhamisho. Muuguzi anapanga chumba kule barabarani, anapandisha mlima kila asubuhi, na wakati wa masika njia haipitiki. Mama akishikwa na uchungu usiku, lazima kijana atumwe na tochi kwenda kumwita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi muuguzi tumempa jembe siku ya kwanza, na pa kulala hatujampa.

Kwa hiyo tunapendekeza fedha za harambee ya leo zisiende kwenye chumba cha pili cha wagonjwa kama ilivyopangwa awali. Ziende kwenye nyumba ya watumishi wawili, kando ya zahanati. Hata nyumba ni jengo, ni kweli, ila hii inajengwa kwa ajili ya mtu ambaye bila yeye majengo mengine yote ni mapambo.

Mawe na mchanga nyumbani wameahidi kuvisogeza kwa msaragambo. Kwetu sisi wa mjini yanabaki saruji, mabati, mbao na malipo ya fundi. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji asione haya. Kila mchango utapewa stakabadhi na kusomwa hapa mwakani.

Tena lipo jambo lisilohitaji hata senti. Mkienda nyumbani mwezi wa kumi na mbili, piteni zahanati. Msalimieni muuguzi kwa jina lake, muulizeni habari za wanawe, mpelekeeni mkungu wa ndizi. Mtu huhama mahali asipojulikana.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina.