Mji Uliokuja Ukaondoka



Wenzangu wengi katika kazi hii ya utangazaji wamekulia Dar es Salaam. Tukikaa kunywa chai huanza kusimuliana habari za mitaa yao: Magomeni ya zamani, Kariakoo ya nyumba za chini kabla ya maghorofa. Kila mmoja hulalamika kwamba mtaa aliokulia haupo tena. Siku moja nikawaambia kuwa hata mimi mtaa wangu umetoweka, tena ulitoweka katika siku chache za Desemba 1996. Wakaniuliza ni mtaa gani. Nikajibu: Kasulo, wilaya ya Ngara. Wakacheka sana. Kasulo na mji wapi na wapi?

Leo nataka kuwajibu.

Nilipokuwa mtoto, Kasulo ilikuwa mashamba, mapori na barabara ya lami iendayo Rusumo, mpakani na Rwanda. Sehemu moja tuliiita Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kampuni ilikwenda zake, jina likabaki. Usiku lori likija tulilisikia lingali mbali, tukatoka nje kulitazama, maana hapakuwa na kingine cha kutazama.

Kisha ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, ndani ya saa 24, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Mimi nilikuwa na miaka 12. Walikuja na magodoro kichwani, baiskeli, mbuzi na watoto mgongoni. Nilikwenda kulala nikiwa mtoto wa porini, na baada ya siku chache nikawa mtoto wa mjini. Waandishi wa habari kutoka nje waliiita Benaco mji wa pili kwa ukubwa Tanzania.

Na kweli ulikuwa mji. Juu ya vile vibanda vya matawi yalitandazwa maturubai ya plastiki, mlima hata mlima. Palikuwa na soko, mabucha, vinyozi, mafundi cherehani na vilabu vya pombe. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kutangaza kutoka Ngara kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Nami nilipoisikia kwa mara ya kwanza kwenye redio ya jirani, nikajua kazi nitakayoifanya.

Nilikuwa na rafiki huko kambini, mvulana wa rika langu. Yeye alisema Kinyarwanda, mimi Kishubi, na lugha zetu ni ndugu. Tulielewana bila mkalimani. Tulicheza chandimu kwa mpira wa vipande vya plastiki uliofungwa kamba za migomba. Yeye alileta mahindi ya msaada, mimi nikampa ndizi za nyumbani.

Hayo ndiyo matamu. Lakini anayesimulia utoto wake kwa matamu tu, hasimulii kweli.

Mama alikuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba. Muda si muda miti ikaisha, ikambidi atoke alfajiri na kurudi jua limepanda. Mashamba yaliibwa usiku. Sisi wenyeji tulikuwa wachache kuliko wageni wetu. Na miongoni mwa wageni hao walikuwamo wanawake na watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu waliotoka kuua majirani zao.

Nikupe mfano mmoja. Sylvestre Gacumbitsi alikuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo, upande wa pili wa daraja. Huko Nyarubuye, Aprili ile ile, maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani waliuawa. Gacumbitsi alivuka mpaka na watu wake akaishi Benaco, akiendelea kuheshimiwa kama kiongozi. Alikamatwa nchini mwetu mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 rufani ikampa kifungo cha maisha.

Hao nao walikuwa wazee wa mtaa wangu, ndugu msikilizaji. Niliwahi kumuuliza rafiki yangu baba yake alifanya kazi gani kwao. Alitazama chini, akaupiga mpira mbali. Sikuuliza tena. Sisemi kwamba baba yake aliua. Nasema tu kwamba tulijifunza kutouliza.

Desemba 1996 Serikali ikatangaza kuwa Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Kwanza maelfu walishika njia ya mashariki, wakikimbilia ndani ya Tanzania; askari wakawageuza. Wakapita barabarani siku baada ya siku, karibu nusu milioni, wakielekea Rusumo. Nilisimama kando ya lami nikimtafuta mwenzangu. Sikumwona. Alikuwa amekwisha nipa mahindi, na mimi sikuwa nimempelekea ndizi zake.

Nilirudi Kasulo hivi karibuni. Sasa ni mji mdogo wa malori, maduka na migahawa. Pale Rusumo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilivyozinduliwa mwaka 2016, na dereva akija kutoka Kigali anakula chakula chake bila hofu. Niliwakuta watoto wakicheza mpira nilipodhani soko la kambi lilikuwa. Nikawauliza zamani hapa palikuwa na nini. Mmoja akanijibu kwa adabu: "Palikuwa na pori tu, baba."

Wenzangu wa Dar es Salaam hulalamika kwamba wageni wameuharibu mtaa wao. Mtaa wangu ulikuwa wa wageni watupu, na nimeukumbuka kwa miaka mingi. Lakini kuukumbuka si kuusifu. Ni kuwaambia wale watoto yote mawili: mpira wa plastiki na Nyarubuye, ndizi na kuni zilizokwisha. Tusipowaambia sisi tuliokuwapo, watakua wakiamini kwamba palikuwa na pori tu.

Ama wewe mwenzangu, kama u hai upande ule wa mto, na kama sauti hii inakufikia: deni lako la ndizi nalikumbuka.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini.