Mnara wa chuma wa Katuruka

Kila kabila lina ngano zake za mbingu na nchi, na kila mtu huzifasiri apendavyo. Wahaya wa Bukoba na Muleba wanayo ya Mukama Rugomora Mahe, aliyetaka kujua mbinguni kuna nini. Akawaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma pale Katuruka, huko Maruku. Mnara ukaanguka.

Msomaji wa Biblia husema: hiyo ni Babeli tu. Msomi husema: porojo. Wazee hawakubishana, walionyesha mti wa Kaiija, wakasema chuma kilifuliwa hapa. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alichimba hapo. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko Rugomora mwenyewe, aliyetawala karne ya 17.

Mbinguni hakufika mtu. Lakini ngano ilitunza habari isiyokuwamo katika kitabu chochote. Basi, kabla hujamcheka bibi yako, muulize: yalitokea wapi hayo? Akishazikwa, nani atakuonyesha mahali?