Njaa Iandikwe Kwenye Faili



Mwezi wa tano, mahindi ya Bungoma na Trans Nzoia yakiwa yamefika magotini, ndipo njaa hubisha hodi. Mgeni anayepita kwa gari kuelekea mpaka wa Uganda ataona kijani kitupu. Hajui kwamba mahindi ya msimu uliopita mengi yaliuzwa mara tu yalipovunwa, bei ikiwa chini, ili karo ya Januari na deni la mbolea vilipwe. Sasa mkulima yuleyule ananunua mahindi sokoni, gorogoro moja moja, bei ikiwa imepanda.

Mtu huyo ndiye anayeketi mbele yetu matabibu kliniki. Chukueni mfano wa mama anayejidunga insulini asubuhi na jioni. Unga ukipungua, watoto hula kwanza. Akijidunga kisha akalala bila kula, usiku sukari hushuka, jasho linamtoka, anatetemeka, pengine anazirai. Basi anajifunza mwenyewe kuruka sindano ya jioni. Akirudi kliniki, kipimo kinaonyesha sukari iko juu, na daktari asiyejua habari za sufuria yake anaongeza dozi. Siku atakayotii dozi hiyo tumboni mkiwa hamna kitu, inaweza kumuua. Vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi vina hatari iyo hiyo. Hili linaniuma, maana kila aliyehusika alifanya kazi yake kama alivyofundishwa.

Kumuuliza, "Unakula vizuri?" hakusaidii. Mtu mzima mwenye heshima zake atajibu, "Tunakula, daktari." Funga mlango, umuulize: mwezi huu kuna usiku mlilala njaa? Mahindi yaliyo ghalani yatawafikisha mwezi gani? Majibu yaandikwe kwenye faili, kando ya presha na uzito, kwa kuwa dozi iliyofaa Novemba huenda isifae Mei.

Lakini ukishauliza, umpeleke wapi? Jibu moja lilipatikana hapa hapa magharibi mwa Kenya. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulianza kulima kwa ajili ya wagonjwa mwaka 2002. Dkt. Joe Mamlin na wenzake walikuwa wakitoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kwa watu waliokonda kwa kukosa chakula. Likaanzishwa shamba Mosoriot, baadaye na mengine, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaongeza nafaka. Afisa wa lishe aliandika chakula kama dawa inavyoandikwa, akihesabu wote wanaokula chungu kimoja na mgonjwa. Busara kubwa ilikuwa hapo: ukimpa mama chakula cha mtu mmoja, atakigawa, na yeye ndiye atakayekosa.

Kule Mississippi, Marekani, miaka ya 1960, daktari Jack Geiger naye aliandikia wagonjwa chakula, maduka yakalipwa kutoka bajeti ya dawa. Alipohojiwa, alisema kitabu chake cha tiba kinataja chakula kuwa ndiyo dawa ya utapiamlo.

Chakula cha msaada hufika mwisho. Ndiyo maana napendelea zaidi hatua ya baadaye ya AMPATH, ya vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vingine vikihudumiwa sukari na presha katika mkutano uo huo. Mwenye akiba anaweza kulipa karo bila kuuza mahindi yote Desemba.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Naomba kaunti zote mbili, Bungoma na Trans Nzoia, zianze na siku ya kliniki ya sukari, kabla ya msimu ujao wa kupanda: afisa wa lishe na afisa wa kilimo wakae chumba kilicho kando ya kile cha daktari, na kila aliyekiri kulala njaa apitie kwao kabla hajafika dirisha la dawa.