Siri ya Kura ni Ngao ya Mnyonge

Hotuba iliyotolewa Wema, Garsen, mbele ya waumini na wanamageuzi

 

Tumeombwa tuseme juu ya neno linalogombanisha watu kila uchaguzi unapokaribia. Husemwa mjini, tena kwa matusi, kwamba mtu wa shamba ndiye anayeiponza nchi; kwamba hupiga kura kwa kabila, huiuza kwa kilo mbili za unga, na hufuata chama alichoagizwa na wakubwa. Naye mtu wa shamba hujibu kwamba wa mjini hawajui njaa wala mafuriko. Kelele huwa nyingi, na anayefaidika ni yule anayegawa unga. Sisi twasema kwamba kosa haliko katika akili ya mwanakijiji. Liko katika hofu yake. Na hofu hiyo ina historia, ina sababu, na ina dawa.

Tuanze na historia. Mwaka 1982 Bunge lilitia katika Katiba kifungu cha 2A, na KANU ikawa chama pekee cha halali. Mwaka 1986 ikatangazwa kwamba wagombea watateuliwa kwa mlolongo: watu wapange foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea au picha yake. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1988. Aliyepata asilimia 70 ya mlolongo alipita moja kwa moja, wala hakuhitaji kukabili kura ya siri. Mwananchi alisimama akionwa na chifu, akionwa na mwajiri, akionwa na mwenye duka anayemkopesha. Na mahali pengi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu.

Kanisa halikunyamaza. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipinga mlolongo tangu 1986. Akina Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya waliusema ukweli hadharani. Agosti 1991 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake, miongoni mwao Ahmed Bamahriz wa Mombasa, wakaanzisha FORD. Mlolongo ulikuwa umekwisha kufutwa Desemba 1990, na kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991. Lakini mlolongo ulitoka katika kanuni, haukutoka katika nyoyo. Mtu aliyefunzwa kwamba kura yake huonekana hasahau upesi.

Na kabla mjini hawajatutupia lawama, wakumbuke mwaka 1992. FORD haikupasuliwa na wakulima wa mto Tana. Ilipasuliwa Nairobi, na viongozi waliosoma, ikawa FORD-Kenya na FORD-Asili. Na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Kura ya kabila ina wenyewe mjini pia.

Wala si kweli kwamba mtu wa hapa amefungwa na chama. Mwaka 2002, KANU ilipoondoka madarakani baada ya miaka 39, Garsen ilimchagua Danson Mungatana kwa tikiti ya NARC. Mwaka 2022 huyo huyo alichaguliwa seneta wa kaunti kwa tikiti ya UDA. Hatutaji haya kwa kumsifu mtu wala kumlaumu. Twaonyesha kwamba vyama vimekuja na kupita, na mpiga kura amevibadilisha kama abadilishavyo mtumbwi, maadamu afike ng'ambo.

Basi kinachomfunga ni nini? Ni ardhi na maji. Mkulima wa Kipokomo analima kando ya mto ambapo babu zake walilima, na mara nyingi hana hati. Mfugaji wa Kiorma au Kiwardei anahitaji malka, njia ya mifugo kushukia mtoni, na wakati wa kiangazi asipoipata ng'ombe hufa. Kila mmoja hujiuliza: mwenzangu akishika kiti, shamba langu litasalimika? Njia yangu itafungwa? Hayo si mawazo ya mjinga. Ni hesabu ya mtu asiye na kinga nyingine. Kura ya kabila kwake ni bima.

Na bima hiyo imetugharimu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, uchaguzi wa Machi 2013 ukiwa mlangoni, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: majina haya hatuyataji ili kuhesabiana damu. Twayataja kwa sababu kila upande ulizika.

Tukija kwa unga, wahubiri wetu hutukumbusha Esau, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Hukemea ulafi wake, nao wana haki. Lakini tuulize pia: nani alikuwa ameshika sufuria? Alikuwa ni ndugu yake, aliyemwona ana njaa akaona biashara. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani mpaji na mpokeaji pia. Tusimhubirie mpokeaji peke yake.

Sasa dawa. Kifungu cha 38 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri. Siri hiyo ndiyo ngao ya mnyonge, na twawaomba mwilinde kwa mambo manne.

La kwanza, msaada kwa asiyejua kusoma. Nyanya akiingia kituoni peke yake, husaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala wa wagombea. Yaani analitaja chaguo lake masikioni mwa watu wale wale anaowaogopa. Huo ni mlolongo uliobaki. Kanuni za Uchaguzi za mwaka 2012 zinamruhusu kuja na mtu amtakaye, asiye mgombea wala wakala, na mtu huyo hawezi kusaidia zaidi ya mpiga kura mmoja. Kila jumuiya na ihesabu wazee wake mapema, na kila mzee apate wake wa kumwamini. Na madarasa ya watu wazima yafunguliwe, ili uchaguzi mwingine asihitaji mtu.

La pili, kitambulisho hakiwekwi rehani. Anayekinunua ananunua kimya chako. Na anayekudai picha ya karatasi uliyoipigia kura amekurudisha mwaka 1988.

La tatu, asiwepo mchungaji, imamu wala mzee wa kuwaapisha watu kwa jina la mgombea. Kiapo cha namna hiyo ni foleni isiyoonekana.

La nne, kura iwe siri, hesabu iwe wazi. Matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo. Vijana wayanakili kabla ya kuondoka, Wapokomo na Waorma wakiwa pamoja, wasiitwe mashahidi wa upande mmoja.

Lakini siri peke yake haitaondoa hofu ya shamba na malka. Ardhi hii isiyo na hati binafsi, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaruhusu jamii kuisajili. Wazee wa pande mbili wakae sasa, kabla ya kampeni, wakubaliane njia za mifugo na mipaka ya mashamba, wayaandike na kuyatia sahihi. Jambo lililokwisha kuamuliwa na majirani halihitaji tena kuamuliwa na sanduku la kura. Hapo ndipo mwanakijiji ataweza kumwuliza mgombea habari za zahanati, shule na kingo za mto, bila kuuliza kwanza ni mtoto wa nani.

Ndugu zetu, wimbo wa taifa letu sauti yake ilitoka katika bembelezi la Kipokomo. Nchi nzima husimama wima ikisikia sauti ya mama wa mto huu. Mama huyo asiinamishwe kichwa kituoni. Aingie, afiche karatasi yake, atoke, na asiwepo mtu duniani wa kumwuliza amempigia nani.

 Mungu aibariki Kenya.